Toleo na Chapa: Namba za Matoleo katika Programu Zinazokusanywa kutoka Msimbo Chanzo, kwa Mifano ya Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza namna namba za matoleo zinavyotiwa katika programu za kompyuta ambazo hukusanywa kutoka msimbo chanzo, na inajaribu kuonyesha kwamba jambo hili, ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi, kwa sehemu kubwa ni tatizo la kutaja majina. Programu ikishakuwa na matoleo mawili, mtumiaji hulazimika kujua ni lipi alilo nalo. Iwapo lugha yake inatumia neno moja kwa mambo mawili yaliyo tofauti, kosa linaloanzia katika usemi huweza kuishia katika takwimu.

Mifano mingi imetolewa katika Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa machimbo ya dhahabu wa Geita. Wachimbaji wadogo wa huko wana msamiati wao, uliokua bila msaada wa kamati yoyote ya istilahi, unaohusu kitu kinachosagwa na kupoteza alama ya kilikotoka. Aidha, mipaka ya eneo hilo ilibadilishwa mwaka 2012 huku jina la Shinyanga likibaki lilelile, jambo ambalo, kama itakavyoonekana katika sehemu ya mwisho, ni tatizo la toleo kwa maana kamili ya neno hilo.

2.0 Msimbo Chanzo na Kitenzi "Kukusanya"

Msimbo chanzo ni matini anayoyaandika mwanaprogramu kwa lugha kama C au Java. Matini hayo yanasomeka kwa binadamu: yana majina ya vigeu, yana mpangilio, na aghalabu yana maelezo ambayo mwandishi amewaachia wenzake. Kabla ya kutumika hupitishwa katika programu nyingine iitwayo kikusanyi, ambayo huyageuza kuwa maagizo ya mashine. Katika ugeuzaji huo maelezo yote hufutwa na majina mengi hupotea. Kinachobaki ni mfululizo wa tarakimu ambao hauonyeshi ulitokana na matini yapi wala yaliandikwa lini.

Msomaji aliyewahi kufika katika machimbo ya Geita au Kahama atalielewa jambo hili upesi. Mawe hutolewa katika duara, yaani shimo la kuchimbia, yakatiwa katika viroba na kupelekwa kwenye karasha kusagwa. Yakiwa mawe bado, mchimbaji mzoefu anaweza kukisia yametoka duara gani kwa kutazama rangi na mishipa ya mwamba. Yakishakuwa unga hawezi tena. Unga wa duara lenye mali na unga wa duara tupu hufanana machoni, hivyo mwenye viroba hana budi kuvisimamia kuanzia kwenye karasha mpaka mwaloni, mahali pa kuoshea. Alama yoyote anayotaka idumu ni lazima aiweke kabla ya kusaga au wakati wa kusaga. Namba ya toleo katika programu hutiwa kwa sababu hiyohiyo.

Kitenzi kukusanya chenyewe kina historia inayostahili kusemwa. Wanaprogramu wengi wa Tanzania husema kukompaili. Wafasiri nao wamependelea kukusanya, na wako waliolalamika kwamba neno hilo halionyeshi mageuzi yoyote, kwani anayekusanya mahindi hayageuzi kuwa unga. Lalamiko hilo lina haki, lakini lawama haiwaangukii wafasiri wa Kiswahili. Mfumo A-0 alioutengeneza Grace Hopper nchini Marekani mwaka 1952 ulifanya hasa kazi ya kukusanya: ulitafuta vijiprogramu vilivyokwisha kuandikwa na kuviunganisha pamoja. Kazi hiyo ilipokuja kuwa tafsiri kamili, kama ilivyokuwa katika Fortran mwaka 1957, jina la zamani halikubadilishwa. Kiswahili kimetafsiri jina lililokuwa limekwisha kuachwa nyuma na kitu chake.

Je, litafutwe neno jingine? Yapo yanayojitokeza. Kusaga kunaonyesha upotevu wa umbo, lakini hakuonyeshi kwamba kinachotoka kina kazi mpya. Kufua, kama katika mfua dhahabu, kunaonyesha umbo jipya, ila kunagongana na kufua nguo na kufua nazi. Kufasiri kumekwisha kuchukuliwa na programu za aina nyingine, zile zinazotekeleza msimbo mstari kwa mstari. Makala hii inaonelea kwamba kukusanya kubaki, kwa kuwa istilahi haihitaji kujieleza yenyewe ili ifanye kazi.

Ushahidi wa dai hilo unapatikana katika eneo hilihili la utafiti. Mwezi Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji nje wa mchanga wenye madini kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yote miwili ikiwa Kahama, na makontena 277 yakashikiliwa Dar es Salaam. Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilitoa taarifa yake Mei mwaka huohuo. Katika miezi hiyo michache neno makinikia lilienea kutoka kwa wataalamu hadi vijiweni. Yaelekea ni tafsiri iliyopitia Kiingereza, ambako neno moja hubeba maana ya kuelekeza fikra na ya kitu kilichopunguzwa hadi kiini chake. Katika Kiswahili kitenzi makinikia kilikuwa na maana ya kwanza tu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa nasaba hiyo. Isitoshe, silabi ma-, ambayo ni sehemu ya mzizi uliotokana na makini, ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, na watu wakasema makinikia hayo yamezuiliwa bila kusita. Haja ilikuwepo, neno likawepo, na sarufi ikalipokea.

3.0 Toleo Si Chapa

Hali ni tofauti pale ambapo neno moja linalazimishwa kubeba dhana mbili. Hapo kasoro huwa ni kukosekana kwa mpaka, na mazoea hayawezi kuiziba.

Neno toleo, lililotokana na kitenzi toa, limekubalika kwa programu kama lilivyokubalika kwa vitabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Toleo la pili likatoka mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Kila toleo lilikuwa na vidahizo vilivyoongezwa na fasili zilizorekebishwa. Lakini wachapaji wana neno la pili, chapa, kwa kitabu kilichorudiwa mitamboni bila kubadilishwa yaliyomo. Mwanafunzi anayenukuu ukurasa hujali toleo. Anayechunguza kwa nini nakala yake ina kurasa zilizopinduliwa hujali chapa, kwa sababu kosa hilo halimo katika matini, limo katika tendo la kuchapa.

Programu zina mgawanyo huohuo, ila katika mazungumzo ya Kiswahili hauzingatiwi. Msimbo chanzo uleule ukikusanywa Jumatatu katika kompyuta moja na Jumanne katika nyingine, hutoa vitu viwili. Vyote ni vya toleo moja. Hata hivyo, kimoja chaweza kuwa na hitilafu ambayo kingine hakina, kwa mfano kikiwa kilikusanywa kwa kikusanyi cha zamani au kwa maktaba pungufu. Mtumiaji akiripoti kwamba toleo 2.9 linakwama, na mwenzake akajibu kwamba toleo 2.9 halikwami, wote wawili waweza kuwa wanasema kweli.

Inapendekezwa basi kwamba toleo litumike kwa hali ya msimbo chanzo, na chapa kwa zao la tendo moja la kuukusanya. Pingamizi lililo dhahiri ni kwamba chapa imekwisha kuwa na maana ya alama ya biashara. Pingamizi hilo si zito. Katika Usukuma, chapa inayojulikana na kila mtu ni ile ya ng'ombe, hasa baada ya kampeni ya kitaifa ya upigaji chapa iliyofanyika mwaka 2017 kwa kufuata sheria ya utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010. Chapa ya ng'ombe haisemi ana umri gani. Umri hutazamwa menoni. Chapa husema ametoka wapi. Ndivyo inavyotakiwa kufanya chapa ya programu: kutaja ilikokusanywa, lini, na kutoka hali ipi ya msimbo.

4.0 Namna Namba Inavyotiwa

Njia ya zamani zaidi ni kuiandika namba ndani ya msimbo wenyewe. Mwanaprogramu hutenga mstari mmoja, akalipa jina TOLEO thamani ya 2.9, na kila sehemu ya programu inayohitaji kujitaja husoma mstari huo. Njia hii ni wazi na haihitaji chombo chochote. Udhaifu wake ni kwamba inategemea kumbukumbu ya mtu. Akirekebisha msimbo na kusahau mstari, programu mpya itajitambulisha kwa jina la zamani. Na programu inayodanganya namba yake ni mbaya kuliko isiyo na namba, kwani isiyo na namba humlazimisha mtu kuuliza.

Njia ya pili ni kuipitisha namba wakati wa kukusanya. Vikusanyi vya lugha ya C, kwa mfano, hupokea alama -D ikifuatwa na jina na thamani yake, ikawa kana kwamba thamani hiyo iliandikwa ndani ya msimbo. Hapa namba haimo katika matini, imo katika amri, na anayekusanya ndiye mwenye dhamana nayo.

Njia ya tatu ndiyo yenye mambo mengi. Tangu Linus Torvalds alipotoa programu ya Git mwaka 2005, miradi mingi huhifadhi historia yote ya msimbo wake: kila badiliko hupewa kitambulisho kinachokokotolewa kutokana na yaliyomo, ambacho kwa kawaida huandikwa kwa tarakimu na herufi 40. Kwa kuwa hutokana na yaliyomo, mabadiliko mawili tofauti hayatarajiwi kupata kitambulisho kimoja, na hakuna mtu anayehitaji kukumbuka kitu. Kabla ya kukusanya, Git huweza kuulizwa msimbo uko katika hali gani, nayo ikajibu kwa mfuatano kama huu: 2.9-14-g3f6a1c2. Maana yake ni kwamba alama ya mwisho iliyowekwa na watunzi ni 2.9, baada yake yamefanyika mabadiliko 14, herufi g ni ya Git, na kinachofuata ni mwanzo wa kitambulisho cha badiliko la mwisho. Mfuatano huo hutiwa katika programu kwa njia ya pili iliyoelezwa hapo juu.

Kwa mtazamo wa isimu huu ni usemi kamili: una nomino kuu (2.9), una kivumishi cha umbali (14), na una kioneshi kinachosonda kitu kimoja tu duniani. Wenye kuusoma kwa haraka huishia kwenye nomino na kuviacha vingine, na hapo ndipo chapa mbili zinapodhaniwa kuwa moja. Aidha, mtu akiwa amegusa msimbo bila kuyaweka mabadiliko yake katika historia, Git huweza kuagizwa kuongeza mwishoni neno la Kiingereza lenye maana ya chafu. Neno hilo ni la uungwana sana. Linamwambia mpokeaji kwamba chapa hii haina msimbo unaoweza kurejewa, kama unga uliochanganywa njiani.

Njia hii nayo ina mtego. Msimbo ukisafirishwa katika faili lililofungwa, bila historia yake, Git haina cha kujibu. Mahali ambapo intaneti ni ya kusuasua na msimbo huhamishwa kwa diski mkononi, hilo si jambo la nadra. Mtunzi mwangalifu huweka akiba: historia ikikosekana, namba isomwe katika faili dogo lililoandaliwa wakati wa kufunga, na faili nalo likikosekana programu iseme kwamba toleo lake halijulikani. Isibuni.

Kuna suala jingine, la tarehe. Ni desturi kutia katika chapa siku na saa ya kukusanya, na lugha ya C ina jina maalumu, __DATE__, linalotia siku hiyo lenyewe. Tatizo ni kwamba msimbo uleule, kikusanyi kilekile na kompyuta ileile vikitumika katika siku mbili, mazao yake hayatalingana, kwa sababu tu ya tarehe. Mkaguzi anayetaka kuhakikisha kwamba programu aliyopewa imetokana kweli na msimbo uliotangazwa hataweza kuikusanya upya na kulinganisha. Watunzi wa Debian na miradi mingine wameshughulikia jambo hili kwa miaka mingi, na ufumbuzi ulioenea ni kutumia tarehe ya badiliko la mwisho la msimbo badala ya tarehe ya kukusanya. Tarehe hiyo hupitishwa kwa jina SOURCE_DATE_EPOCH.

Hapa mfano wa dhahabu unafikia mwisho wa manufaa yake. Mkuo unaotoka katika kiwanda cha kusafishia, kama kile kilichofunguliwa Mwanza mwaka 2021, hugongwa mhuri. Kwa mikuo mikubwa ya soko la London mhuri huonyesha namba ya mfululizo, alama ya msafishaji, usafi na mwaka. Mhuri huo umekaa juu ya dhahabu. Kuugonga au kuufuta hakuongezi wala hakupunguzi usafi. Mhuri wa programu umo ndani ya kitu chenyewe, ni tarakimu miongoni mwa tarakimu zake, na kuubadilisha ni kukibadilisha kitu kinachotajwa.

5.0 Usomaji na Upatanisho

Namba ya toleo hufanana na desimali lakini si desimali. Baada ya 2.9 huja 2.10, na 2.10 ni kubwa kuliko 2.9. Kiswahili cha shuleni husoma desimali tarakimu moja moja: 2.10 ni mbili nukta moja sifuri, nayo ni sawa na mbili nukta moja. Msomaji anayesoma hivyo katika simu humfanya anayemsikiliza aamini kwamba lililotajwa ni toleo la zamani. Matoleo yasomwe kwa sehemu: mbili nukta tisa, mbili nukta kumi. Ipo programu maarufu ambayo usomaji wa tarakimu moja moja unaifaa, nayo ni TeX ya Donald Knuth, ambayo namba zake hurefuka kuelekea thamani ya π. Toleo la mwaka 2021 ni 3.141592653. Lakini huyo ni mwanahisabati, na ya kwake yana desturi zake.

Suala la upatanisho ni gumu kidogo. Kihusishi la katika toleo la tatu huonyesha nafasi katika mfululizo: lilitanguliwa na mawili. Toleo la 2.9 halina nafasi ya namna hiyo. Hakuna anayeweza kusema lilitanguliwa na mangapi. Namba hapa ni jina, kama katika Chumba 12. Inafaa kuandikwa toleo 2.9 au toleo namba 2.9, na la likabakizwa kwa mahesabu ya kweli. Tofauti hiyo haina uzito mkubwa katika mazungumzo, ila katika mwongozo wa mtumiaji huondoa utata.

Namba huweza pia kuganda. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ulisambazwa nchini Tanzania kote kufikia mwaka 2013, Shinyanga na Geita zikiwemo. Tarakimu 2 ilikuwa ya kuutofautisha na DHIS ya kwanza. Leo ni sehemu ya jina. Mhudumu wa zahanati huitamka bila kufikiria kwamba kulikuwa na ya kwanza. Matoleo yake yalihesabiwa 2.30, 2.31 na kuendelea, na kwa kuwa 2 haikuwa ikibadilika, tangu mwaka 2023 watunzi wamezoea kusema toleo 40, 41, 42. Java ilifanya vivyo hivyo mwaka 2004, 1.5 ikaitwa 5. Tarakimu isiyopingana na nyingine haina maana, kama vile fonimu isiyo na jozi pambanuzi haithibitiki kuwa fonimu.

6.0 Shinyanga Mbili

Sensa ya mwaka 2002 iliupa Mkoa wa Shinyanga watu 2,805,580. Sensa ya mwaka 2012 iliupa watu 1,534,808. Anayeyaweka majedwali hayo mawili pamoja bila maelezo ataona mkoa uliopoteza watu zaidi ya milioni moja na robo katika muongo mmoja, na akiwa mtafiti wa afya au wa uhamaji atatafuta sababu: ukame, machimbo, maradhi. Sababu haimo katika mambo hayo. Mwezi Machi 2012 ilianzishwa mikoa ya Geita, Simiyu, Katavi na Njombe. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga zikaenda Simiyu. Bukombe ilikwenda Geita, pamoja na Wilaya ya Geita iliyotoka Mwanza na Chato iliyotoka Kagera. Jina Shinyanga lilibaki na namba ya toleo haikutiwa.

Hasara ya kosa la namna hii si ya kinadharia. Dawa, chanjo na walimu hugawanywa kwa kukadiria idadi ya watu, na makadirio hutokana na mwenendo wa idadi hiyo toka sensa moja hadi nyingine. Mwenendo ukichorwa kutoka Shinyanga ya 2002 hadi Shinyanga ya 2012, utabashiri mkoa unaokwisha. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 2,241,299.

DHIS2 hulishughulikia jambo hili kwa kukipa kila kituo na kila eneo kitambulisho cha herufi na tarakimu 11 kisichotegemea jina, pamoja na tarehe ya kufunguliwa na, inapobidi, ya kufungwa. Ni njia ileile ya Git: jina ni kwa ajili ya watu, kitambulisho ni kwa ajili ya kurejea. Lakini majedwali yanayotolewa humo na kubandikwa katika tasnifu hubeba majina peke yake.

Wanaisimu nao hawajasalimika. Atlasi ya Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoka mwaka 2009, miaka mitatu kabla ya mgawanyo, nayo inafuata mikoa ya wakati wake. Hakuna Geita ndani yake wala Simiyu. Mwanafunzi anayelinganisha wasemaji wa Kisukuma wa Shinyanga katika atlasi hiyo na wale atakaowahesabu mwenyewe leo, analinganisha vitu viwili vyenye jina moja. Ingetosha aandike Shinyanga ya mipaka ya 2002 na Shinyanga ya mipaka ya 2012. Katika ngazi ya wilaya uangalifu unapaswa kuzidi: Kahama imegawanywa ikazaa halmashauri za Msalala na Ushetu, na Bukombe iliyohamia Geita ilimegwa ikatoa Mbogwe, hivyo kwamba hata anayeifuata Bukombe kutoka mkoa hadi mkoa kwa makini, asipotazama tarehe, atakuwa ameifuata wilaya nyingine.